Kioo, Plastiki na Msasa: Historia ya Taa Zinazopauka

Land Rover ya shamba la mkonge iliyotengenezwa kabla sijaanza shule inaweza kukuonyesha njia usiku vizuri kuliko Toyota IST iliyoshuka bandarini mwaka jana. Nikisema hivyo mbele ya vijana wa gereji hucheka, wakidhani mzee anasifia ujana wake. Sisifii kitu. Nimeshika waya na globu za magari tangu 1977, kwanza Tanga, baadaye Dar es Salaam, na katika umeme wote wa gari hakuna nilichokishughulikia kuliko taa za mbele. Nilizikuta zikiwa za kioo, nikazipokea zilipogeuka kuwa za plastiki, na sasa sehemu kubwa ya riziki yangu ni kusugua zile zilizopauka.

Wateja wengi hudhani ule ukungu wa manjano ni uchafu, au ni chumvi ya bahari, au ni gari kupigwa na mkosi. Sivyo. Ni matokeo ya uamuzi uliofanywa mbali na hapa, na watu waliokuwa na sababu nzuri kabisa, ila hawakumfikiria mtu atakayelinunua gari lile akiwa wa tatu au wa nne. Uamuzi huo una historia yake, na sisi mafundi tumo ndani yake.

Taa ya gari kufifia ni tatizo lililoitangulia plastiki kwa miaka mingi. Magari ya mwanzo yaliwasha gesi ya asetilini: maji yanadondokea kabidi, gesi inatoka, dereva anashuka na kiberiti. Gari ambalo Mjerumani Paul Graetz aliondoka nalo Dar es Salaam Agosti 1907, akafika nalo Swakopmund Mei 1909 na kuwa mtu wa kwanza kulivuka bara hili kwa gari, lilikuwa la zama hizo. Kisha umeme ukaingia. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilikuja na mfumo mmoja wa umeme uliowasha injini na taa pia, na mwaka uliofuata kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikaanza kuuza taa zake zilizolishwa na jenereta ya gari lenyewe. Moto ukaondoka kwenye taa, ikabaki globu.

Lakini globu peke yake haifiki mbali. Nyuma yake lazima pawe na rifleka inayoukusanya mwanga na kuutupa mbele, na rifleka za zama zile zilipakwa fedha. Fedha hung'aa kuliko karibu kila kitu, ila haivumilii hewa. Vumbi na unyevu vilipenya pembeni mwa kioo, rifleka ikawa kijivu, kisha ikawa nyeusi. Dereva alibadilisha globu, akashangaa barabara bado giza. Kwa hiyo zamani zile kioo cha mbele kilikuwa safi na ugonjwa ulikuwa ndani. Leo mambo yamegeuka: ndani mara nyingi hakuna kasoro, ugonjwa uko nje.

Dawa ya Wamarekani ilikuwa kali. Kuanzia magari ya mwaka 1940, taa za mbele zilifanywa za namna moja: duara, upana wa inchi 7, mbili kwa kila gari. Kioo cha mbele, rifleka na nyuzi za kuwaka viliunganishwa kuwa kitu kimoja kilichozibwa, hewa haiingii. Uzi ukikatika unaitupa taa nzima na kufunga nyingine. Sisi tuliiita silibimu. Haikuwa na urembo, ila ilikuwa na haki ndani yake: tajiri mwenye gari jipya na maskini mwenye gari la miaka ishirini walinunua taa ileile, na siku ya kuifunga wote wawili walipata mwanga uleule mpya.

Hiyo ndiyo taa niliyofundishwa nayo. Gereji yetu ilikuwa Ngamiani, zile barabara za Tanga zinazoitwa kwa namba, na kazi kubwa ilitoka kwenye mashamba ya mkonge: Land Rover za mameneja, malori ya Bedford ya kubeba singa, pikapu za Datsun. Fundi aliyenifundisha alikuwa na rafu moja tu ya taa za mbele. Silibimu ya inchi 7 iliingia kwenye Land Rover, ikaingia kwenye Bedford, ikaingia kwenye Datsun 1200. Mteja alikaa kwenye benchi, hakumaliza soda yake kabla taa haijawaka. Skurubu tatu za rimu, plagi ya pini tatu nyuma, basi.

Adui wa kioo alikuwa jiwe. Barabara nyingi zilikuwa za kokoto, na lori likikupita unasikia mvua ya mawe kwenye bodi. Waliojipanga walifunga wavu wa chuma mbele ya taa. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwafundisha watu wengi ujanja huo: madereva wake walijua kwamba asiyezilinda taa zake atalala porini. Taa ikipasuka, ilipasuka kweli, ukaona kwa macho. Lakini kupauka? Katika miaka yote ya Tanga sikumbuki hata kioo kimoja kilichopauka kwa jua. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Jua haliwezi kukifanya kitu.

Usidhani lakini kwamba siku zile zilikuwa za raha. Baada ya vita vya Kagera spea zilikauka nchini. Mafuta yalikuwa ya mgao, na Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi halikuruhusiwa barabarani. Silibimu mpya ilikuwa kama harusi, inasubiriwa. Magari yenye chongo yalijaa: taa moja inawaka, nyingine imekufa, na dereva wa pikipiki anayekuja mbele hajui kama ni gari au mwenzake. Silibimu ina nyuzi mbili, moja ya full na moja ya dimu. Uzi wa dimu ndio unaotumika zaidi, kwa hiyo ndio hukatika kwanza. Tulichofanya ni kugeuza waya ili uzi wa full uliobaki mzima uwake dereva akiweka dimu. Gari liliona, ila aliyekuja mbele alipofuka. Trafiki walijua, nasi tulijua, na wote tulisubiri meli.

Wakati sisi tunageuza waya Ngamiani, kwingine taa ilikuwa inabadilika umbo. Ulaya hawakuwahi kufungwa na lile duara la Wamarekani. Walitumia globu inayotolewa na kurudishwa, na mwaka 1962 wakaleta globu ya halojeni, ile ya H1, kisha 1971 ikaja H4 yenye nyuzi mbili ambayo hadi leo ninaiuza: wati 60 kwa full, 55 kwa dimu. Vioo vyao vilikuwa vya kila umbo, mraba, mviringo, ukipenda, lakini bado vilikuwa vioo.

Marekani sheria iliendelea kuwabana. Mwaka 1975 waliruhusiwa taa za pembe nne, nazo zikiwa silibimu vilevile. Wakati huo bei ya mafuta ilikuwa imepanda kufuatia msukosuko wa 1973, na watengenezaji wakawa wanatafuta kila njia ya kulifanya gari liukate upepo bila kunywa mafuta mengi. Pua ya gari ilitakiwa iwe ya mteremko, na huwezi kuteremsha pua iliyobeba vioo viwili bapa vilivyosimama wima. Kampuni ya Ford iliiomba serikali yake ruhusa ya taa zenye umbo huru. Ruhusa ikatoka 1983, na gari la kwanza kuitumia lilikuwa Lincoln Mark VII ya mwaka 1984. Lenzi yake ilikuwa ya plastiki.

Plastiki yenyewe haikuwa ngeni. Inaitwa polikaboneti. Mwaka 1953 iligunduliwa mahali pawili karibu kwa wakati mmoja: Ujerumani na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer, na Marekani na Daniel Fox wa General Electric. Ni plastiki ya ajabu. Ukiipiga nyundo haipasuki. Kofia za wanaanga waliotua mwezini zilitengenezwa nayo. Uzito wake ni karibu nusu ya uzito wa kioo cha ukubwa uleule, na inamiminwa kwenye kalibu ikatoka na kila kona mbunifu anayotaka. Kwa mtengenezaji ilikuwa zawadi: gari jepesi, pua ya mteremko, taa ambayo kila modeli inakuwa na sura yake, na jiwe la barabarani linagonga linarudi. Ulaya nao walifungua mlango mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika muongo huohuo magari ya Japani yakaanza kutuletea lenzi hizo.

Lakini polikaboneti ina udhaifu wa aina mbili, na walioichagua waliujua tangu siku ya kwanza. Kwanza, inakwaruzika upesi. Pili, jua linaila. Ndani ya mwanga wa jua mna miale isiyoonekana kwa macho, ile inayobabua ngozi. Ikiipiga polikaboneti tupu, kemia ya uso wake inabadilika na rangi inakuwa ya manjano. Ndiyo maana kila lenzi inatoka kiwandani ikiwa imepakwa utando mgumu, mwembamba, usioonekana, wenye kazi ya kuzuia mikwaruzo na kumeza miale hiyo kabla haijaifikia plastiki. Uhai wa taa yote ni utando huo. Ukiwa mzima, lenzi inang'aa. Ukichoka, unapasuka nyufa ndogo sana, unaanza kubanduka, na jua linaingia.

Gari jipya likiwa kwa mmiliki wa kwanza, utando huwa mzima. Wamarekani wa shirika la wenye magari, AAA, walipima mambo haya mwaka 2018 wakasema dalili zinaweza kuanza kuonekana mapema kama miaka mitatu, na mara nyingi kufikia mwaka wa tano. Lenzi walizozipima zilizopauka zilitoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Asilimia 20! Na ule mwanga mwingine haupotei wote. Sehemu yake inatawanyika, inakwenda juu, inamwingia machoni anayekuja mbele yako. Gari lenye taa zilizopauka halioni, na linamzuia mwenzake kuona.

Sasa piga hesabu ya miaka, ndipo uone sisi tunaingilia wapi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 serikali ilipoanza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na baadaye Mzee Mwinyi aliposhika urais na kufungua milango, magari yaliyotumika yakaanza kuingia, mengine kupitia Dubai, mengine moja kwa moja kutoka Japani, kwa kuwa na wao usukani wao uko kulia. Japani gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na taa hupimwa kwa mashine: taa isiyofikisha ukali wa mwanga unaotakiwa, kandela 6,400, inakataliwa. Mjapani anapoona gari lake linamgharimu kila ukaguzi, analiuza mnadani. Kenya wameweka kikomo, gari lisizidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 walipiga marufuku kuingiza yenye miaka kumi na tano au zaidi. Tanzania haikuweka kikomo bali inatoza ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka. Vyovyote iwavyo, gari linatufikia wakati utando wa taa ukiwa umeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake, na linakuja kuegeshwa chini ya jua la ikweta, juani mchana kutwa, kwa miaka mingine kumi au kumi na mitano.

Mimi nilihamia Dar es Salaam wakati wimbi hilo linapanda, nikapata nafasi Gerezani. Mwanzoni hatukuwa na dawa. Gari likija na taa iliyopauka tulimtafutia mteja taa ya mtumba iliyokatwa kutoka gari lililopata ajali. Biashara hiyo ilileta balaa yake: taa zikawa mali, na mali ikawa na wezi. Unaegesha gari usiku, asubuhi unakuta mashimo mawili. Watu wakaanza kuandika namba za gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa. Kwenye kioo sawa. Kwenye plastiki, kalamu ya kuchonga inaukata ule utando, na nimeona taa nyingi ambazo ukungu wake ulianzia ndani ya herufi na tarakimu, ukasambaa kutoka hapo.

Ndipo kazi ya kusugua ikazaliwa. Haikuanzia kwetu mafundi umeme. Ilianzia kwa mafundi rangi, maana wao ndio waliokuwa na msasa wa maji, mashine ya kupolishi na klia, ile rangi angavu ya juu. Mmoja wao alikuwa jirani yangu, na nilimwona akiifanya kwenye taa ya Vitz kabla sijaamini kwamba inawezekana. Nieleze inavyofanyika, kwa kuwa hapa ndipo penye ufundi na ndipo penye utapeli.

Kwanza unaijua taa. Unailowesha kwa maji. Ikiwa inakuwa safi ikilowa na kurudisha ukungu ikikauka, ugonjwa uko nje: maji yamejaza zile nyufa ndogo, mwanga ukapita bila kuvunjika. Hiyo inasuguliwa. Ikiwa maji hayabadilishi kitu, na unaona matone au jasho upande wa ndani, hiyo ni habari nyingine. Gundi ya pembeni imeachia au kifuniko cha nyuma hakikurudishwa vizuri, na msasa hautasaidia lolote. Jasho jepesi la asubuhi linalokauka ukitembea kidogo ni la kawaida, maana taa za siku hizi zina vitundu vya kupumulia.

Kisha unazungushia tepu kulinda rangi ya bodi. Unaanza na msasa namba 800, maji yenye sabuni kidogo yakidondoka muda wote. Maji yanayotoka mwanzoni ni ya manjano, mazito, ule ni utando uliokufa na ngozi ya juu ya plastiki. Unaendelea mpaka yawe meupe kama maziwa. Wakati huo taa inatisha: imekuwa nyeupe yote, haionyeshi kitu, na mwenye gari akichungulia anashika kichwa. Hapo ndipo fundi mvivu anapokosea, anaacha kipande cha utando wa zamani kwenye kona, na kona hiyo ndiyo itakayobanduka kwanza. Unapanda namba 1,000, 1,500, 2,000, hadi 3,000, kila namba ukisugua kukata mistari ya namba iliyotangulia. Namba inaongezeka, makali yanapungua. Mwisho unapitisha kompaundi kwa mashine, lakini polepole, kwa sababu mashine ikikaa sehemu moja inaunguza plastiki.

Sasa taa inang'aa, mteja anatabasamu, anatoa pesa. Asiondoke bado. Umemtolea taa yake kinga yote. Umeiacha polikaboneti tupu, ileile ambayo kiwanda hakikuthubutu kuitoa nje bila nguo. Bila utando mpya, miezi haitakuwa mingi itakuwa ya manjano tena, na mara hii upesi zaidi. Lazima ipigwe klia yenye kinga ya jua, ile inayochanganywa na hadna, kwa bunduki ya rangi, baada ya kufuta mafuta yote kwa spiriti. Mikono miwili, kila mmoja ukikauka kwanza. AAA walipima hili pia: taa zilizosuguliwa vizuri zilirudi kwenye takriban asilimia 70 ya mwanga wa taa mpya. Hazirudi mia, maana sehemu ya plastiki imekwisha kuondoka. Ila kutoka 20 hadi 70 ni tofauti ya kumwona mtembea kwa miguu na kutomwona.

Siku moja alikuja dada mmoja na Raum. "Fundi, shikamoo. Nataka ing'ae tu, klia usihangaike nayo."

"Marahaba, mwanangu. Kwa nini klia usiitake?"

"Naiuza kesho."

Nikaisugua, nikaipiga klia, nikamtoza bei ya kusugua tu. Atakayenunua lile gari ataliendesha usiku, nami sitaki niwe sehemu ya giza lake. Wauzaji wa yadi wana mbinu fupi zaidi: wanapaka mafuta ya silikoni, au mafuta ya kupikia, yanajaza nyufa kama maji yanavyojaza, taa inang'aa mpaka mnunuzi afike nyumbani na kuosha gari. Ukienda kununua gari, nenda na kitambaa na sabuni.

Dawa nyingine za mitaani nazo nizitaje, maana kila wiki mtu ananiuliza. Dawa ya meno ina unga laini wa kusugua, kwa hiyo inasafisha kidogo, ila haiachi kinga yoyote. Dawa ya mbu ya kupaka inang'arisha kwa sababu inaiyeyusha plastiki. Ukiona imeng'aa, ujue imekula. Mafuta ya breki yana hatari ileile, na yakidondoka kwenye bodi yanaondoa rangi. Siku hizi kimeingia kikombe cha umeme chenye mdomo, unachemsha ndani yake kemikali, mvuke unaelekezwa kwenye lenzi na papo hapo lenzi inakuwa kioo. Vijana wanakipenda sana, dakika chache kazi imekwisha. Mvuke ule unayeyusha uso wa plastiki, hauleti kinga ya jua, na unaovuta puani ni sumu. Nimewakataza wanangu wa gereji wasiuguse, wakitaka waende wakaufanyie kwingine.

Kuna na wale wanaoikwepa kazi yote kwa kufunga globu kali. Taa imepauka, badala ya kuisafisha wanatia globu ya wati 100 mahali pa 60. Joto linaongezeka, rifleka inababuka, soketi inayeyuka, na mwanga wote ule unatawanywa na ukungu kwenda machoni mwa watu. Taa chafu yenye globu kali ni mbaya kuliko taa chafu yenye globu ya kawaida.

Kwa muda mrefu hapa kwetu hatari ya taa zilizopauka ilifichwa na ratiba za safari. Kwa takriban miongo mitatu mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku, watu wenye magari yao nao wakazoea kuanza safari alfajiri. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kutembea usiku. Sasa njia ya Chalinze kwenda Segera saa saba za usiku ina mabasi, malori, bajaji za vijijini na watu wanaotembea kando bila taa. Kioo cha Tanga cha 1977 kingeifaa barabara hii. Plastiki iliyochoka haifai.

Sikumbuki zamani kwa kutaka zirudi. Silibimu mwanga wake ulikuwa hafifu ukiulinganisha na taa mpya ya leo, na kioo kilichopasuka kiliwakata watu miguu kwenye ajali. Plastiki imewaokoa wengi. Shida ni kwamba mtengenezaji aliipa taa umri mfupi kuliko gari, hakumwambia mtu, na kazi ya kuirudishia ngozi yake imeachiwa sisi tulio mwisho wa foleni. Wakaguzi wetu wanapotoa stika za usalama barabarani wanawasha taa na kuangalia kama inawaka. Hiyo haitoshi. Taa inaweza kuwaka na isimulike. Ingekuwa juu yangu, kila kituo cha ukaguzi kingekuwa na mashine ya kupima ukali wa mwanga, kama ile waliyoipima nayo Japani kabla hawajatuuzia gari lenyewe.

Mpaka siku hiyo ifike, kazi ni yako mwenye gari. Egesha kivulini, na kama huna kivuli geuza gari siku hadi siku, maana taa inayotazama jua la mchana hupauka kabla ya mwenzake. Usichonge namba kwenye lenzi. Ukipeleka taa kusuguliwa, muulize fundi swali moja tu: klia utapiga? Akijibu haina haja, ondoka. Kazi kamili ni sehemu ndogo ya bei ya taa mpya. Madereva wetu hupenda kusema ajali haina kinga. Ziko zisizo na kinga, kweli. Ajali ya kutoona mbele inayo, na inauzwa kwa kila fundi rangi mjini.